Joto Linalotoroka: Karne Mbili za Gari la Upepo

Aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba baada ya dakika chache bomba la pampu hupata moto. Msuguano unachangia kidogo tu. Hewa yenyewe ikishindiliwa hupata joto, na joto hilo ni sehemu ya nguvu za mkono wako, zile ulizodhani zimeingia zote kwenye tairi. Bomba likipoa, nguvu hizo zimekwenda zake. Kinyume chake pia ni kweli: hewa iliyoshindiliwa ikiachiwa itanuke hupoa, tena hupoa sana, na kadiri inavyopoa ndivyo inavyoishiwa nguvu ya kusukuma.

Kila mhandisi aliyetaka kuendesha chombo kwa hewa, tangu enzi za vinu vya upepo hadi enzi za kompyuta, amekutana na jambo hili. Wapo waliolitafutia dawa kwa maji ya moto. Wapo waliolichukulia kwa wepesi, likawaangusha. Na wapo wachache wa miaka ya karibuni waliotambua kwamba joto linahitaji muda ili litoroke, na kwamba ndani ya gari kuna kazi moja isiyolipa muda huo. Kwa maoni yangu hao wa mwisho ndio waliokaribia zaidi kufanikiwa, na kukwama kwao ndiko kunakostahili kusimuliwa kwa kirefu.

Kabla ya tramu, 1799–1882

Mwaka 1799 Mwingereza George Medhurst aliomba hataza ya pampu ya kinu cha upepo ambayo ingeshindilia hewa ili itumike baadaye kama nguvu. Mwaka uliofuata akaomba nyingine, ya injini ya kuendesha magari kwa hewa hiyo. Wazo lilitangulia vifaa vya wakati wake. Kwenda mbali kwa hewa kunahitaji tangi linalostahimili shinikizo kubwa bila kupasuka, na matangi ya namna hiyo yalikuwa bado. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1840, Wafaransa Andraud na Tessié du Motay walijaribu gari dogo la hewa huko Chaillot, Paris. Gari lilitembea, lakini hakuna biashara iliyozaliwa.

Kilichoitoa hewa kwenye majaribio na kuiingiza kazini ni milima ya Alps. Mwaka 1857 ilianza kazi ya kuchimba handaki la Mont Cenis kati ya Ufaransa na Italia, refu kiasi cha kilomita 13. Kwa nyundo na patasi lingechukua miongo. Mashine ya mvuke haikuweza kuingizwa humo, kwa kuwa moshi wake ungewaua wachimbaji kabla ya mwamba kulegea. Mhandisi Germain Sommeiller akaja na jibu: maji ya vijito vya mlimani yashindilie hewa nje, mabomba yaipeleke ndani, nayo iendeshe keekee. Mwaka 1861 mashine zake zilianza kutoboa mwamba. Hewa iliyokwisha kufanya kazi haikuwa taka, kwa maana ndiyo waliyoivuta wachimbaji. Handaki lilifunguliwa Septemba 1871, Sommeiller akiwa amefariki miezi miwili kabla.

Mwaka 1872 kazi ikahamia Gotthard, Uswisi, handaki la kilomita 15, na hapo hewa ilipewa kazi mpya ya kuvuta mabehewa ya kifusi. Vichwa vya treni vilivyobeba matangi ya hewa viliingia na kutoka gizani bila moshi. Watu hawakupona kwa hilo. Wengi walikufa kwa ajali na maradhi, na mkandarasi mwenyewe, Louis Favre, alianguka na kufa ndani ya handaki mwaka 1879. Ila jambo moja lilikuwa limethibitika, kwamba hewa inaweza kubebwa kwenye tangi na ikasukuma chombo kizito relini.

Nantes, 1879–1917

Mtu wa kwanza kulitazama tatizo la joto usoni alikuwa Louis Mékarski, aliyezaliwa mwaka 1843 Clermont-Ferrand, Ufaransa, mwenye asili ya Poland. Miji mikubwa ya Ulaya wakati ule ilitegemea tramu za farasi. Farasi hula hata siku asiyofanya kazi, huugua, huchakaa baada ya miaka michache, na huacha samadi barabarani. Mvuke ulikuwa na nguvu, lakini wakazi hawakutaka masizi na cheche chini ya madirisha yao. Pengo lilikuwepo, na Mékarski akaona kwamba hewa inaweza kuliziba endapo itazuiwa kuganda njiani.

Dawa yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mbele ya tramu, karibu na dereva, aliweka mtungi wa maji ya moto. Hewa iliyotoka kwenye matangi ya chini ya sakafu ilipitishwa kwanza ndani ya maji hayo, ikapanda juu kwa mapovu ikiwa imebeba joto na mvuke, ndipo ikaingia kwenye silinda. Ilipotanuka na kutaka kupoa, mvuke uliochanganyika nayo ulirudi kuwa maji na kuikabidhi joto lake. Kwa njia hiyo hewa ilisukuma pistoni kwa nguvu zaidi, na barafu haikuziba vali. Dereva alikuwa na vali mkononi ya kuongeza au kupunguza shinikizo kadiri ya mzigo na mwinuko.

Mimi huiita tramu hiyo chombo cha kwanza cha mseto katika ukoo huu. Ilibeba nishati mbili, hewa na joto, na kila moja iliisaidia nyingine. Mtu akisema kwamba mseto ni wazo la Wajapani wa mwisho wa karne ya 20, mji wa Nantes, Ufaransa, tramu hiyo ilikofanya kazi, unamkosoa.

Njia ya kwanza ya Nantes ilifunguliwa Februari 1879, ikapita kando ya mto Loire kwa kilomita sita hivi, kutoka bandarini hadi Doulon. Hewa ilihifadhiwa kwa shinikizo la mara 30 ya lile la anga, kiwango ambacho leo fundi wa mitungi ya gesi hawezi hata kukitilia maanani. Kituoni kulikuwa na mashine za mvuke zilizochoma makaa kuendesha kompresa. Tramu ilirudi, ikajazwa hewa na maji ya moto, ikaondoka tena bila moshi wala kwato, na hilo liliwavutia watu wa miji mingine. Bern ya Uswisi ilianza mwaka 1890. Paris nayo ikawa na njia kadhaa.

Hesabu ya nishati, hata hivyo, ilikuwa mbaya. Makaa yalipoteza sehemu kubwa ya joto lake kwenye mashine ya mvuke, kompresa ikapoteza tena kwa kupoza hewa, na tangi likapoteza kidogo kidogo hadi tramu inaondoka. Mfumo ulidumu kwa sababu mshindani wake alikuwa farasi. Mshindani alipobadilika na kuwa waya wa umeme, mambo yaligeuka upesi. Umeme huzalishwa na kutumika papo hapo, hakuna kinachosubiri ndani ya tangi mpaka kipoe. Bern iliacha hewa mwaka 1902, Paris mwaka 1914, na Nantes ilishikilia hadi 1917. Inafaa kukumbuka kwamba mji huohuo ndio ulioongoza Ufaransa kurudisha tramu za kisasa, mwaka 1985, safari hii kwa umeme.

Migodini

Hewa ilipofukuzwa mitaani ilipata kazi chini ya ardhi. Katika migodi ya makaa ya mawe cheche moja ya waya wa umeme inaweza kulipua gesi ya methani na kuua mamia, kwa hiyo wenye migodi wa Marekani walinunua vichwa vya treni vya hewa kutoka kampuni ya H. K. Porter ya Pittsburgh, iliyotawala soko hilo hadi miaka ya 1930. Hapo tena tatizo la joto lilipata dawa ya aina yake. Charles Hodges alibuni injini ya hatua mbili: hewa ikishafanya kazi kwenye silinda ya kwanza na kupoa, ilipitishwa kwenye mirija iliyozungukwa na hewa ya kawaida ya mgodini, ikapashwa bila gharama yoyote, kisha ikaingia silinda ya pili. Mgodi wenyewe ulilipa sehemu ya nishati. Ni ubunifu ambao hata leo naona haujapata sifa unayostahili.

Ndoto ya Carros, 1991–2012

Hewa ilirudi barabarani kupitia mtu aliyetoka kwenye mbio za magari. Guy Nègre, mhandisi Mfaransa aliyebuni injini ya silinda 12 kwa ajili ya Formula One mwishoni mwa miaka ya 1980, alianzisha kampuni ya MDI mwaka 1991 na kuweka karakana yake Carros, karibu na Nice. Alitaka gari la mjini lisilotoa moshi hata kidogo, linalojazwa hewa kwa dakika chache.

Wakati ulimpendelea. Nyuzi za kaboni zilikuwa zimewezesha matangi mepesi ya shinikizo la mara 300 ya anga, mara kumi ya lile la Nantes. Mwaka 2000 gari lake la e.Volution lilionyeshwa Johannesburg, na Waafrika Kusini wakaahidiwa kiwanda. Mwaka 2007 kampuni ya Tata Motors ya India ilisaini naye mkataba wa kutumia teknolojia hiyo, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba gari la hewa linakuja. Mwaka 2012 Tata ilitangaza kwamba awamu ya kwanza, ya kuthibitisha kwamba injini inafanya kazi ndani ya magari yake, imekamilika. Magari ya kuuzia watu hayakuja, Johannesburg wala Mumbai.

Kwa nini? Tufanye hesabu. Chukua tangi la lita 300 lililojaa hewa kwa shinikizo la mara 300 ya anga. Ikitanuka katika hali bora kabisa, taratibu, ikipashwa njiani ili isipoe, itatoa kama megajuli 50. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi. Tangi zima, kubwa kuliko nafasi ya mizigo ya magari mengi madogo, ni sawa na lita moja na nusu. Tukikumbuka kwamba injini ya petroli mjini hupoteza kama robo tatu ya joto lake, tunaweza kulihesabu tangi hilo kuwa lita sita za petroli, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Barabarani hewa haitanuki taratibu. Hewa ya shinikizo hilo ikitanuka kwa mkupuo mmoja bila kupashwa ingeshuka, kwa nadharia, hadi chini ya nyuzi 200 chini ya sifuri, baridi inayotosha kuigeuza hewa yenyewe kuwa kimiminika. Na huko kwenye kompresa joto lilikwishapotea kabla gari halijaondoka.

Wanaotumia gesi asilia iliyoshindiliwa Dar es Salaam wanaijua mitungi ya shinikizo kubwa, na wanajua inavyokula nafasi ya buti. Tofauti ni kwamba gesi ile inachomwa, kwa hiyo mtungi wa ukubwa uleule hubeba nishati makumi ya mara zaidi. Hewa haichomeki. Nguvu yake yote ni ile iliyosukumiwa ndani.

Nègre alilijua hili, na ndiyo maana miongoni mwa michoro yake lilikuwemo toleo lenye kichomeo kidogo cha kupasha hewa kwa mafuta pale gari linapokwenda kasi. Ni mtungi wa Mékarski umerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa Berkeley, wakiwemo Felix Creutzig na Daniel Kammen, walichapisha tathmini iliyolikata shauri la gari la hewa tupu: ufanisi wake uko chini sana ukilinganishwa na wa gari la betri, na pale umeme wa kuendesha kompresa unapotokana kwa wingi na makaa ya mawe, huchafua anga kuliko hata gari la petroli. Lakini karatasi hiyohiyo ilikuwa na hitimisho la pili, ambalo magazeti hayakulipa uzito. Mseto wa hewa na petroli unawezekana, ni wa bei nafuu, na unaweza kushindana na mseto wa umeme.

Hesabu ya breki, 1997–2010

Toyota Prius ilipoingia sokoni Japani Desemba 1997, iliwafundisha wahandisi wote kwamba petroli nyingi ya mjini huishia kwenye breki. Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojuli 116. Ukikanyaga breki kwenye taa nyekundu, yote hiyo inageuka kuwa joto la diski na kupeperuka. Kuirudisha kasi ileile, injini inayotumia robo tu ya joto la mafuta itahitaji karibu mililita 15 za petroli, yaani kijiko kimoja cha chakula. Simama mara mia moja ndani ya foleni na vituo, umemwaga karibu lita moja na nusu. Dereva wa daladala husimama zaidi ya hapo kabla ya jua la saa sita.

Prius ilidaka nishati hiyo kwa jenereta na betri. Betri za wakati ule zilikuwa ghali na nzito, tena hazikupenda kulishwa kwa haraka. Breki ya sekunde tano inamwaga zaidi ya kilowati 20 kwa mpigo mmoja. Gesi haina shida hiyo: utakavyoisukuma upesi, ndivyo itakavyoshindilika.

Hapo ndipo hadithi ilipogeuka. Michael Schechter wa Ford alichapisha mwaka 1999 mizunguko mipya ya injini ambamo silinda zilezile zinazochoma petroli zingefanya kazi ya kompresa wakati wa breki. Vali zikidhibitiwa vizuri, pistoni inavuta hewa na kuisukumia kwenye tangi, na kazi hiyo ndiyo inayolizuia gari. Taa ikiwa ya kijani, hewa inarudi silindani na kusukuma pistoni, gari linaondoka bila petroli. Hakuna mota ya pili wala betri kubwa: ni tangi, vali za ziada na udhibiti wa kompyuta. Mwaka 2003 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA na wa Ford walikokotoa kwamba gari la namna hiyo lingekwenda mbali zaidi kwa lita ileile, asilimia 64 zaidi mjini na asilimia 12 tu kwenye barabara kuu.

Namba hizo mbili zinaeleza kila kitu. Barabara kuu haina breki, kwa hiyo haina cha kudaka. Mjini kuna breki kila baada ya sekunde chache, na hewa iliyoshindiliwa inatumika tena kabla joto lake halijapenya ukuta wa tangi. Adui aliyewasumbua akina Mékarski alikuwa muda. Tramu ya Nantes ilisubiri na hewa yake kituoni, ikatembea nayo kilomita kadhaa, na kila dakika ilikuwa hasara. Kati ya breki na kuondoka hakuna muda huo. Hewa ni mtunzaji mbaya wa akiba ya kesho, lakini kwa mkopo wa nusu dakika ni mwaminifu.

Maabara zikalifuata wazo hilo. Huko Zürich, timu ya Lino Guzzella katika chuo cha ETH ilijenga injini ndogo ya silinda mbili na kuonyesha kwamba matumizi ya mafuta yanaweza kushuka kwa karibu theluthi moja, kwa gharama ndogo sana kuliko ile ya mseto wa umeme. Sehemu ya faida hiyo ilitoka mahali wengi wasipotazamia: kwa kuwa hewa ya tangi inaweza kuingizwa silindani ghafla dereva anapotaka nguvu, injini yenyewe inaweza kuwa ndogo tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kiliangalia mabasi ya mjini, mazito na yenye kusimama kila mara.

Marekani ilichukua njia ya jirani. Maabara ya shirika la serikali la mazingira huko Ann Arbor, Michigan, ilitumia mafuta ya haidroliki kushindilia gesi ya nitrojeni ndani ya mtungi uliofungwa. Gesi haitoki kamwe. Inabanwa na kuachiwa kama springi. Mwaka 2006 gari la kusambaza vifurushi la kampuni ya UPS lilitoka na mfumo huo, na shirika likasema unadaka zaidi ya asilimia 70 ya nishati inayopotea kwenye breki. Chuma na mafuta, vitu ambavyo fundi wa matrekta na magreda anavifahamu tangu ujana wake.

Vélizy, 2013–2015

Januari 2013, huko Vélizy nje kidogo ya Paris, kampuni ya PSA Peugeot Citroën iliwaita waandishi wa habari kuwaonyesha kitu ilichokiita Hybrid Air, kilichotengenezwa kwa ushirikiano na Bosch. Machi mwaka huo kikasimama kwenye maonyesho ya Geneva, na kikawa gumzo.

Kilikuwa gari dogo la kawaida kwa kulitazama. Ndani, injini ya petroli ya silinda tatu iliunganishwa na pampu na mota ya haidroliki kupitia gia maalumu. Mtungi wa shinikizo kubwa ulilala katikati ya sakafu, mwingine wa shinikizo dogo nyuma. Kama kule Ann Arbor, gesi ilikuwa nitrojeni, ambayo ndiyo karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta, iliyochaguliwa kwa kuwa haiwezi kulipua mafuta ya haidroliki. Chini ya kilomita 70 kwa saa gari liliweza kutembea kwa gesi tupu, na kwa kuwa mtungi ulijazwa na kutumika tena na tena, kampuni ilisema mjini injini ingezimwa kati ya asilimia 60 na 80 ya muda. Matumizi yalitajwa kuwa lita 2.9 kwa kilomita 100, hewa ya ukaa gramu 69 kwa kilomita, na petroli ya mjini kupungua kwa asilimia 45. Hataza zilikuwa 80 hivi. Bei iliyolengwa ilikuwa chini ya euro 20,000, na mwaka wa kuanza kuuza ulikuwa 2016.

Lazima niseme kwamba lita 2.9 zilitokana na kipimo cha Ulaya cha wakati ule, ambacho kilijulikana kwa upole wake. Na mtungi uliojaa ulitosha kwa mita mia kadhaa tu. Hayo hayaliondolei gari lile ubora wake. Halikuundwa kusafiri kwa gesi, liliundwa kudaka na kurudisha, na kwa kazi hiyo mita mia kadhaa ni nyingi. Kilichonivutia zaidi ni walengwa wake. PSA ilisema wazi kwamba mfumo usio na betri kubwa unafaa nchi ambazo vituo vya kutengeneza betri ni haba.

Kampuni, hata hivyo, ilikuwa mgonjwa. Mwaka 2012 ilipata hasara ya euro bilioni 5. Kiwanda chake cha Aulnay, kilichokuwa kikiunda Citroën C3, kilikuwa njiani kufungwa. Mwaka 2014 serikali ya Ufaransa na kampuni ya Dongfeng ya China zilinunua hisa ili kuiokoa. Mfumo mpya wa aina hii huwa nafuu tu ukitengenezwa kwa wingi, na PSA ilikadiria kwamba yangehitajika magari 500,000 kwa mwaka. Haikuwa na uwezo wa kufika huko peke yake, ikatafuta mshirika wa kugawana gharama. Oktoba 2014 bado ilionyesha, huko Paris, gari la Peugeot 208 la majaribio lenye kulenga lita 2 kwa kilomita 100. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2015, mradi uliwekwa kando. Mshirika hakupatikana.

Naelewa kwa nini wakurugenzi walifanya hivyo. Kampuni inayozama haibebi mizigo ya miaka kumi ijayo. Lakini kosa la kiufundi halikuwepo, na kila ninapoisoma historia hii husikitika kwamba kazi iliyokuwa imelipatia jibu swali la karne mbili ilisimamishwa kwa kukosa wa kuchangia.

Baada ya 2015

Mlango ulijifunga wenyewe kutoka upande mwingine. Betri za lithiamu, zilizogharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010, zilishuka hadi chini ya dola 150 mwaka 2023. Kashfa ya moshi wa dizeli ya Septemba 2015 iliwasukuma watengenezaji wa Ulaya kwenye umeme kwa haraka zaidi. Mwaka 2019 Peugeot ilizindua 208 mpya, na toleo lake lisilotumia petroli lilikuwa la betri. Guy Nègre alikuwa amefariki mwaka 2016 bila kuona gari lake likiuzwa madukani.

Kwa gari dogo la mtu binafsi, sioni hewa ikirudi kushindana na betri ya leo. Kwa vyombo vizito vinavyosimama kila mara, kama magari ya taka na mabasi ya mjini, hoja bado ina uzito, ingawa huko nako betri inazidi kusonga mbele. Na kuna hoja ya kwetu isiyosikika katika mijadala ya Ulaya. Toyota za Prius na Aqua zilizotumika zinaingia Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani zikiwa na umri wa miaka mingi, na swali la kwanza la mnunuzi ni afya ya betri. Mtungi wa chuma wenye nitrojeni hauzeeki kwa namna hiyo. Gari la mseto la aina ya Vélizy, likiwa mtumba wa mkono wa tatu, lingehitaji pampu, mipira ya kuzuia mafuta na gesi ya kujazia, na kwa hayo fundi mwenye vifaa na mafunzo ya shinikizo kubwa angeweza kulifufua.

Wazo lenyewe limebaki hai kwa vipande. Mwaka 2016 Volvo iliweka kwenye injini yake ya dizeli ya D5 tangi dogo la hewa la lita mbili. Dereva akikanyaga mafuta kutoka gari limesimama, hewa hiyo hupulizwa kuizungusha turbo kabla moshi wa injini haujapata nguvu ya kuizungusha, na gari linaondoka bila kusitasita.

Kipande kingine kinapita mbele yetu kila siku. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na mitungi yake hujazwa na kompresa inayoendeshwa na injini, yaani kwa dizeli. Katika malori mapya yenye udhibiti wa kielektroniki, kompyuta huchagua wakati wa kujaza. Lori la namna hiyo likitoka Iringa na kuanza kuteremka Kitonga, dereva huondoa mguu kwenye mafuta, na uzito wa shehena unaanza kuisukuma injini badala ya injini kusukuma uzito. Hapo ndipo kompresa inaamriwa ijaze. Mlima unafanya kazi ambayo dizeli ingefanya, mitungi inajaa kona kwa kona, na lori linapofika bondeni kwenye mibuyu na kuanza kukanyaga mafuta kuelekea Mikumi, kompresa inapumzishwa.